Ndege zisizohitaji uwanja, vita visivyopiga hodi



Usiku wa tarehe 14 Juni 2025, ndege moja ya kivita ya Uingereza ilitua kwa dharura katika uwanja wa Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Ilikuwa imeruka kutoka katika manowari HMS Prince of Wales iliyokuwa baharini. Hali ya hewa ikachafuka, mafuta yakapungua, na rubani akaomba ruhusa ya kuteremka nchi kavu. Wenyeji wakamruhusu. Ilipotakiwa kurudi melini, ikaonekana kuwa ina hitilafu ya mitambo. Basi ikabaki pale pale, katika mvua za kusi, kwa zaidi ya wiki tano. Watu wakaifanyia mzaha, na hata idara ya utalii ya jimbo hilo ikaitumia katika matangazo yake kwa utani, mpaka mafundi walipoletwa kutoka Uingereza na ndege ikaondoka tarehe 22 Julai.

Waliocheka walikuwa na sababu. Ndege ile, iitwayo F-35B, ni ya aina iliyobuniwa mahsusi ili isiuhitaji uwanja. Huteremka wima juu ya sitaha ya meli kama kunguru anavyotua juu ya paa. Bei yake ni kiasi cha dola za Marekani milioni 100. Na siku ilipoelemewa, ilipiga hodi kwa wenye nchi kavu kama msafiri mwingine yeyote aliyeishiwa na nguvu njiani.

Hata hivyo, kicheko peke yake hakitufundishi jambo. Vijana wetu wanaitazama ndege hii katika simu zao, wanastaajabu, na wengi wao wanaijua kwa jina kuliko wazazi wao. Ni haki yao kustaajabu. Lakini ni wajibu wetu sisi wazazi na walimu kuwaeleza mambo matatu: chuma hicho kinasimamaje hewani, kwa nini mataifa makubwa yalikitamani, na kimefanya nini kila kilipofika katika nchi za watu, ambazo nyingi kati yake ni nchi za Waislamu.

Chuma kinavyosimama hewani

Ndege ya kawaida hubebwa na mbawa zake. Hewa inapopita kwa kasi juu na chini ya bawa, ndege huinuka. Bila ya mwendo hakuna kuinuka, ndiyo maana viwanja vya ndege vina njia za kurukia zenye urefu wa kilomita mbili au tatu. Katika manowari kubwa za Marekani, zenye uzito wa karibu tani 100,000, urefu huo haupatikani. Badala yake umewekwa mtambo unaoirusha ndege mfano wa manati, na waya mnene wa kuinasa inaporudi. Meli za namna hiyo ni ghali mno, na ni mataifa machache sana yanayozimudu.

Katika miaka ya 1950, mhandisi wa Kifaransa Michel Wibault alitoa fikra ya kuugeuza msukumo wa injini uelekee chini. Wahandisi wa Kiingereza wakaichukua fikra hiyo, wakaunda injini iliyoitwa Pegasus, yenye midomo minne ya kutolea hewa, miwili kila ubavu. Midomo ikielekea nyuma, ndege huenda mbele. Ikielekea chini, ndege hupanda juu. Tarehe 21 Oktoba 1960 ndege ya majaribio P.1127 iliinuka kwa mara ya kwanza ikiwa imefungwa kwa minyororo kama ng'ombe, isije ikamponyoka mwenyewe. Tarehe 8 Februari 1963 rubani Bill Bedford aliitua juu ya manowari HMS Ark Royal. Mwaka 1969 mrithi wake, Harrier, akaingia rasmi katika jeshi la anga la Uingereza, na miaka miwili baadaye Kikosi cha Marine cha Marekani kikaanza kuitumia.

Kusimama hewani kuna gharama yake. Ndege inapoacha kubebwa na mbawa, uzito wote huiangukia injini. Harrier ilibeba lita 227 za maji yasiyokuwa na kazi nyingine ila kuipoza injini wakati wa kupaa au kutua wima, na maji hayo yalikwisha kwa muda wa kama sekunde 90. Joto la nchi nalo ni adui, kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi. Warusi walilijua hilo walipoipeleka ndege yao ya aina hiyo, Yak-38, kufanyiwa majaribio Afghanistan mwaka 1980. Joto na urefu wa milima viliipunguzia nguvu kiasi kwamba haikuweza kubeba silaha za maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaondolewa katika utumishi.

F-35B ya leo inatumia njia nyingine. Nyuma ya kiti cha rubani pana feni kubwa inayozungushwa na injini ile ile kwa mhimili mrefu. Feni hiyo husukuma hewa chini upande wa mbele, huku bomba la nyuma likikunjwa kuelekea chini, na vitundu viwili katika mbawa vikiiweka sawa isipinduke. Msukumo wote kwa pamoja ni wa kuinua kiasi cha tani 18. Lakini ndege ikijazwa mafuta na mabomu hufikia uzito wa tani 27. Hesabu hiyo inatuonyesha kuwa haiwezi kupaa wima ikiwa na mzigo kamili. Kwa hiyo hukimbia kidogo kwenye sitaha, katika meli za Uingereza na Italia sitaha iliyoinuliwa mbele kama mgongo wa kilima, kisha hurudi na kutua wima ikiwa imekwisha kuchoma mafuta na, pengine, kuangusha mabomu yake. Picha za maonyesho huonyesha ndege ikipaa wima, lakini ndege inayokwenda vitani hukimbia kwanza.

Kwa nini waliitamani

Jibu la swali la pili linapatikana katika Bahari ya Atlantiki ya kusini. Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina ilivitwaa visiwa vya Falkland, ambavyo yenyewe huviita Malvinas. Visiwa hivyo viko kiasi cha kilomita 13,000 kutoka Uingereza. Uingereza haikuwa na uwanja wa ndege wa karibu wala manowari kubwa yenye manati, kwa kuwa ile ya mwisho ilikuwa imekwisha kustaafishwa. Ilikuwa na meli mbili ndogo zaidi, HMS Hermes na HMS Invincible, na ndege aina ya Sea Harrier, ambazo jumla yake vitani zilifika 28. Ndege hizo chache ziliangusha takriban ndege 20 za Argentina, na hakuna hata moja kati yake iliyoangushwa na ndege ya adui. Sita zilipotea, mbili kwa silaha za ardhini na nne kwa ajali. Tarehe 14 Juni 1982 vita vikamalizika kwa ushindi wa Uingereza.

Dunia ilijifunza somo moja kutokana na vita vile. Taifa lenye meli ya wastani na ndege zisizohitaji njia ndefu linaweza kupigana mbali na kwao bila ya kumwomba jirani uwanja. Italia, Hispania, India na hata Thailand zilinunua Harrier kwa nyakati mbalimbali.

Sababu ya pili ni usalama wa ndege zenyewe. Ndege iliyolala katika kambi ya nchi kavu inahitaji ukuta, walinzi na usingizi wa mang'amung'amu. Usiku wa tarehe 14 Septemba 2012, wapiganaji 15 wa Taliban waliingia katika kambi ya Camp Bastion, kusini mwa Afghanistan, wakaziteketeza Harrier sita za Marekani zikiwa zimeegeshwa. Meli iliyo baharini si rahisi kuingiliwa namna hiyo. Leo inaonekana, kesho haipo.

Mlango uliokataliwa na dirisha lililobaki wazi

Hapa ndipo ninapoomba tutulie kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Katika mila zetu za pwani mgeni hupiga hodi. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa, husubiri au hurudi alikotoka. Sheria za kimataifa zina hodi yake vilevile. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 umeipa kila dola mamlaka juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 umeipa kila dola haki ya bahari ya kitaifa isiyozidi maili 12. Lakini baada ya maili hizo bahari ni njia ya wote. Manowari inaweza kutia nanga ya macho mbele ya mji wako, mwezi mzima, bila ya kumuuliza mtu. Hodi yatakiwa pale tu ndege inapovuka kuingia katika anga yako.

Sasa tazama mwaka 2003. Marekani ilitaka askari wake wapite Uturuki kuingia Iraq kwa upande wa kaskazini. Tarehe 1 Machi 2003 ombi hilo lilipigiwa kura katika bunge la Uturuki na halikupata wingi uliotakiwa. Wawakilishi wa watu walisema hapana. Kura ile ilivuruga mipango ya kaskazini, lakini haikuvizuia vita. Kuwait ilikuwa imefungua mlango wake, na katika Ghuba meli mbili, USS Bataan na USS Bonhomme Richard, ziligeuzwa kuwa viwanja vya Harrier vinavyoelea. Mlango mmoja ulipokataliwa, dirisha la baharini lilikuwa wazi.

Afghanistan haina bahari kabisa. Lakini mwezi Novemba 2001 Harrier kutoka katika meli USS Peleliu, iliyokuwa Bahari ya Arabuni, zilishambulia huko. Na tarehe 27 Septemba 2018, F-35B za Marekani zilipopigana kwa mara ya kwanza katika historia yake, ziliruka kutoka USS Essex na shabaha yake ilikuwa Afghanistan hiyo hiyo. Mkulima aliyezaliwa na kuzeeka bila ya kuiona bahari alipigwa kutoka baharini.

Libya nayo tusiisahau. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 la kuwalinda raia, wakati majeshi ya Kanali Gaddafi yakiukaribia mji wa Benghazi. Tarehe 20 Machi Harrier kutoka USS Kearsarge zilikuwa zimekwisha kuyapiga majeshi hayo. Wapo watu wa Benghazi walioshukuru siku ile, na si haki kuwafuta katika simulizi. Lakini wapo pia Walibya walioshuhudia nchi yao ikigawanyika na silaha kuzagaa kwa miaka mingi baadaye. Ndege ilirudi melini kwa dakika chache. Nchi haikurudi ilikotoka.

Na jirani zetu Somalia, Januari 2021, wakati Marekani ilipokuwa ikiwahamisha mamia ya askari wake kutoka huko kuwapeleka nchi nyingine za Afrika Mashariki, F-35B kutoka USS Makin Island ziliruka juu ya anga yao kuilinda operesheni hiyo. Kwa hiyo ndege hizi si habari za mbali. Zimekwisha kupita karibu na nyumba yetu.

Pwani imehamia bara

Watu wa mwambao huu si wageni wa jambo hili. Neno lenyewe manowari tulilipokea kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga kwa mizinga kasri la Zanzibar, kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao. Shughuli yote haikutimia saa moja, na waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500.

Hata hivyo, mzinga wa siku zile ulikuwa na mpaka. Aliyekuwa ndani ya kasri la ufukweni alikuwa hatarini, na aliyekuwa shamba, mbali na bahari, alisikia mngurumo tu. Ndege ya meli imeufuta mpaka huo. F-35B inaweza kwenda kiasi cha kilomita 800, ikapiga na kurudi. Kwa mstari ulionyooka, Nairobi iko kiasi cha kilomita 440 kutoka Mombasa, na Dodoma takriban kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. Sisemi kuwa kuna anayetutishia leo, wala sitaki kumtia mtu hofu. Ninasema tu kwamba, kwa hesabu za namna hii, miji ya bara nayo imekuwa miji ya pwani. Anayedhani mambo ya baharini ni ya wavuvi na mabaharia pekee, na aitazame ramani upya.

Aliyeepuka kwa jirani amefungwa kwa muundaji

Lipo upande wa pili wa jambo hili ambao viongozi wa mataifa ya Waislamu, na mataifa yote yasiyounda silaha zake, wanapaswa kuuzingatia. Ndege hizi zinadaiwa kumpa mwenye nazo uhuru. Ni kweli, humpa uhuru mbele ya jirani. Lakini papo hapo humfunga kwa yule aliyeziunda.

Thailand ilinunua meli mpya, Chakri Naruebet, ikaanza kazi mwaka 1997 ikiwa na Harrier zilizotumika kutoka Hispania. Vipuri vikawa haba, ndege zikapungua moja baada ya moja, na mwaka 2006 zikaondolewa. Meli ya kubebea ndege ikabaki bila ya ndege zake.

Kisa cha Uturuki ni kikubwa zaidi. Uturuki ilikuwa mshirika katika mradi wa F-35 tangu mwaka 2002, na viwanda vyake vilitengeneza zaidi ya aina 900 za vipuri vya ndege hiyo. Ikaunda meli TCG Anadolu kwa ramani ya meli ya Kihispania, yenye sitaha iliyoinuliwa mbele, kwa kusudio la kubeba F-35B. Kisha ikanunua mitambo ya kujikinga na ndege aina ya S-400 kutoka Urusi. Mitambo ilipowasili Julai 2019, Marekani iliitoa Uturuki katika mradi. Fedha zilizolipwa, ushirika wa miaka 17 na vipuri vile vyote havikuifaa kitu. Meli ilikuwa imekwisha kujengwa, na ndege haikupatikana.

Waturuki walifanya nini? Hawakukaa kulia. Meli ilipoingia kazini tarehe 10 Aprili 2023, walikuwa wamekwisha kuibadilisha kusudio lake, ibebe ndege zisizo na rubani zinazoundwa kwao wenyewe. Tarehe 19 Novemba 2024 ndege yao Bayraktar TB3 ikaruka kutoka kwenye sitaha hiyo fupi na kutua juu yake. Si sawa na F-35B kwa kasi wala kwa nguvu. Lakini ufunguo wake uko mfukoni mwao. Cha kuazima hakisitiri matako, walisema wahenga wetu, na dola inayojitanda silaha ya kuazima itajikuta uchi siku ya kugombana na mwenye nguo.

Hispania nayo, ambayo ni mwanachama wa NATO na ina Harrier zilizozeeka, ilithibitisha Agosti 2025 kuwa haitanunua F-35. Wakati huohuo Japani inazirekebisha meli zake Izumo na Kaga na imeamua kununua F-35B 42. Uingereza ina meli mbili kubwa kwa ajili yake, na Italia inazirusha kutoka katika meli Cavour. Kila taifa limepima kwa mizani yake. Lakini anayenunua na ajue kuwa bei ya dukani ni mwanzo tu. Mwaka 2024 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria kuwa gharama ya mradi mzima wa F-35, aina zake zote, tangu kuzinunua hadi kuzitunza kwa maisha yake yote, itapita dola trilioni mbili. Hayo ni ya tajiri. Maskini atakayetaka kumwiga tembo na apime kwanza ukubwa wa tumbo lake.

Wala ukubwa wa gharama si kinga dhidi ya uzembe mdogo. Tarehe 17 Novemba 2021, F-35B ya Uingereza iliteleza kutoka kwenye sitaha ya HMS Queen Elizabeth ikazama katika Bahari ya Kati. Rubani alijirusha na kuokolewa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kifuniko cha kuzuia uchafu kilikuwa kimesahauliwa ndani ya tundu la kuingizia hewa.

Mizani iwe moja

Tukizungumza vita, sisi Waislamu hatuna ruhusa ya kupima kwa vipimo viwili. Wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana tangu karne za mwanzo kuwa mwanamke asiyepigana na mtoto hawalengwi, na wengi wao wamewaongeza mzee na mtawa aliyejitenga katika ibada yake. Hukumu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya panga na mikuki pekee. Inamhusu aliye umbali wa hatua mbili na aliye umbali wa kilomita 800. Hatari ya ndege hizi kimaadili iko hapo hapo katika umbali. Rubani huruka, hubonyeza, hurudi melini kwake, akala chakula chake na kulala. Haisikii sauti ya mama aliyekuwa chini. Na wananchi waliomtuma, ambao hawajaona mazishi wala uwanja wa vita, huona ni vita visivyo na gharama. Vita vinavyoonekana kuwa rahisi kwa anayevianzisha ndivyo vinavyoanzishwa mara nyingi.

Mizani hiyo hiyo inatulazimu kusema jingine. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walizishambulia meli za biashara katika Bahari ya Sham na Ghuba ya Aden, wakisema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza. Machungu ya Gaza ni ya kweli, na hakuna moyo wa Muislamu usioyahisi. Lakini tarehe 6 Machi 2024 meli True Confidence ilipopigwa, mabaharia watatu waliuawa. Walikuwa vibarua wa baharini waliotafuta riziki ya watoto wao. Harrier kutoka USS Bataan nazo zilitungua droni katika bahari ile; BBC iliripoti Februari 2024 kuwa rubani mmoja peke yake alitungua saba. Katika siku zile, ndege tuliyoilaumu juu ya Iraq ilikuwa ikiwakinga mabaharia. Mwenye insafu hulitaja hili kama alivyolitaja lile.

Na meli zenyewe hazibebi mauti peke yake. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, USS Bonhomme Richard, ile ile iliyokuwa kiwanja cha Harrier vita vya Iraq, ilipeleka helikopta za misaada Aceh, Indonesia. Katika mafuriko ya Pakistan ya mwaka 2010, helikopta za USS Peleliu, ile ile iliyotangulia Afghanistan, ziliokoa watu waliozingirwa na maji. Chuma hakina dini wala dhamira. Dhamira ni ya anayekiamuru.

Tuwaambie nini watoto wetu

Mtoto akikuonyesha ndege inayosimama hewani, usimfukuze kwa kumwambia ni mambo ya makafiri. Mwambie akueleze inavyosimama. Akishindwa, mpeleke kwa mwalimu wake wa fizikia. Ndege ile imesimama juu ya hesabu, na hesabu haina mwenyewe. Waturuki waliofungiwa mlango waliokolewa na vijana wao waliokaa darasani, si na hotuba. Umma unaotaka heshima baharini na angani uanze kwa maabara za sekondari zake, na uwape mabinti nafasi humo kama unavyowapa wavulana.

Kisha, akishakueleza inavyosimama, muulize swali la pili: chini yake kuna nani? Mzazi asiyemfundisha mwanawe swali la kwanza amemwacha nyuma. Asiyemfundisha swali la pili anaweza kumlea mtu hodari wa kuua.

Na kwa wenye mamlaka katika nchi zetu, neno langu ni fupi. Sheria zile za hodi, za anga na za bahari, ndizo ngome ya mnyonge. Mwenye nguvu ana meli, sisi tuna mikataba. Kila tunaponyamaza anga ya nchi nyingine inapovukwa bila ya ridhaa yake wala idhini ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa nchi hiyo si yetu au mtawala wake hatumpendi, tunalibomoa jiwe moja la ukuta unaotuhifadhi sisi wenyewe. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Ndege iliyokwama Kerala ilipiga hodi, ikaitikiwa na kulindwa mpaka ikapona. Wenyeji wake wangeweza kuukatalia uwanja wao, lakini hawakufanya hivyo. Mwenye nguvu aliyefaidika na hodi siku ya dhiki anapaswa kuiheshimu siku ya nguvu zake. Hilo ndilo tunalodai, wala hatudai zaidi yake.

Wallahu a'lam.